Karani yuko katikati ya hesabu na seva inataka kuzimwa: nimwarifu vipi?

"Habari ya kazi, mhandisi. Mimi na mwenzangu tunaendesha mfumo wa hesabu unaotumiwa kwenye kivinjari na Sacco kadhaa za matatu hapa Nairobi. Makarani walioko River Road, Ngara na Rongai huingiza mapato ya kila gari, mafuta, akiba na mkopo. Tuna seva moja. Tukitaka kuweka toleo jipya au kugusa hifadhidata, tunaizima Jumamosi saa nne usiku, na siku mbili kabla tunatuma barua pepe kwa kila Sacco. Hata hivyo kila mara napigiwa simu na karani anayelalamika kwamba alikuwa amejaza magari yote, akabonyeza Tuma, kila kitu kikapotea. Mara ya mwisho kulikuwa pia na malipo ya M-Pesa ambayo wanachama walitoa na hayakuonekana kwenye mfumo. Nimefikiria kuweka kidirisha kinachofunika skrini nzima, chenye saa inayohesabu dakika zilizobaki, kisha nimtoe kila mtu kwa nguvu. Je, hiyo ndiyo njia sahihi? Na tangazo litoke muda gani kabla?"

Ndugu yangu, swali lako lina malalamiko mawili yaliyofungwa pamoja, na yafaa tuyafungue. La kwanza ni kwamba watu hawakujua. La pili ni kwamba kazi yao ilipotea. Unatafuta dawa ya la kwanza ukitumaini itaponya la pili, na ndiyo maana barua pepe zako hazijafua dafu. Hata ukifaulu kumfikishia kila karani habari, hatakosekana mmoja aliyeanza kujaza fomu akijua fika muda uliobaki, kisha simu ikalia, dereva akaleta noti za kuhesabiwa upya, saa ikafika. Huyo aliarifiwa vizuri na bado amepoteza kazi ya jioni nzima. Tangazo humsaidia mtu kujipanga. Kuilinda kazi yake ni wajibu wa mfumo. Nitakujibu kuhusu tangazo, lakini nitakaa zaidi kwenye namna ya kufunga mlango, maana hapo ndipo penye shida yako.

Tuanze na barua pepe. Jiulize inafika kwa nani. Anwani uliyo nayo ni ile iliyotolewa siku Sacco ilipojisajili, na mara nyingi ni ya mwenyekiti, katibu au meneja. Karani wa zamu ya Jumamosi usiku hayumo. Meneja akiisoma Alhamisi akiwa safarini, hana sababu ya kuikumbuka Jumamosi, na pengine hajui ni nani yuko kaunta usiku huo. Usiiache barua hiyo, kwa sababu uongozi una haki ya kujua mapema na kupinga tarehe ikiwa mbaya. Ila usihesabu kwamba umemwarifu karani. Karani huarifiwa kwenye skrini anayofanyia kazi, wakati bado anaweza kufanya jambo.

Hapo ndipo watengenezaji wengi hukwama, kwa kudhani seva inajua ni nani anayefanya kazi. Haijui. Kivinjari na seva hazikai zikizungumza muda wote: kivinjari kinaomba ukurasa, seva inajibu, na mawasiliano yanakwisha hadi ombi linalofuata. Karani anayejaza fomu ya magari thelathini kwa dakika ishirini, upande wa seva ni kimya kitupu. Orodha yako ya "walioingia" inakuonyesha tu watu ambao vidakuzi vyao, yaani alama za kuingia zilizohifadhiwa kwenye kivinjari, havijaisha muda. Kumi kati yao huenda wamekwenda kulala bila kufunga kompyuta, na yule mmoja anayeonekana hajagusa kitu kwa nusu saa ndiye mwenye hesabu ya siku nzima mbele yake, bado haijatumwa. Ukitegemea orodha hiyo kuamua kwamba "hakuna mtu", utamzimia huyo huyo.

Kwa kuwa seva haina namna ya kumwita karani, ukurasa wenyewe ndio uwe unauliza. Njia rahisi, na kwa ukubwa wa mfumo wako ndiyo ningeichagua, ni ukurasa kuomba faili moja dogo kila dakika. Faili hilo lina mambo manne: matengenezo yanaanza lini, yanatarajiwa kuisha lini, ujumbe wa kuonyesha, na namba ya toleo la mfumo. Liwe faili la kawaida linalotolewa na nginx, yaani programu ya seva inayopokea maombi ya vivinjari, moja kwa moja bila kugusa hifadhidata, na lipewe amri ya kutohifadhiwa na kivinjari, lisije likasomwa la jana. Kama ombi na jibu lake vitachukua kilobaiti moja, zamu ya saa nane ni chini ya nusu megabaiti. Hata ofisi inayotumia bando la simu haitaumia. Websoketi, yaani njia inayobaki wazi kati ya kivinjari na seva, ingefikisha habari papo hapo, lakini nayo hukatika mtandao unapoyumba na inahitaji kulelewa. Habari inayotangulia kwa nusu saa haipungukiwi kitu ikichelewa dakika moja.

Jambo moja kuhusu saa inayohesabu. Usiitegemee saa ya kompyuta ya karani. Kompyuta nyingi za ofisini ni za zamani, betri ndogo ya ndani imekufa, na kila umeme ukipotea saa inarudi miaka nyuma. Nimeona skrini ikimwambia mtu ana siku kadhaa ilhali alibakiwa na dakika. Kila jibu la seva hubeba saa ya seva kwenye kichwa (maelezo mafupi yanayotangulia jibu lenyewe) kinachoitwa Date. Chukua tofauti kati ya saa hiyo na muda wa kuanza, kisha uonyeshe "zimebaki dakika 12". Na ndani ya faili andika muda kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia. Nairobi iko saa tatu mbele ya UTC mwaka mzima, kwa hivyo matengenezo ya saa sita na nusu usiku wa kuamkia Jumapili, kwenye seva yanasomeka 21:30 ya Jumamosi. Mtu aliyechoka hukosea hapo tarehe nzima.

Sasa kidirisha chako cha kufunika skrini. Usikiweke. Mtu aliye katikati ya kuhesabu pesa akifunikiwa skrini, hasomi. Anatafuta kitufe cha kukiondoa arudi kwenye tarakimu alizokuwa akizishika kichwani. Baada ya mara mbili tatu mkono unabonyeza wenyewe. Bango jembamba juu ya ukurasa, lisilofunika kitu na lisiloondoka, husomwa zaidi kwa sababu linamngoja amalize mstari wake. Libadilike rangi zikibaki dakika kumi. Kidirisha kina mahali pamoja tu panapostahili: pale mtu anapobonyeza "Anza hesabu mpya" ilhali muda uliobaki hautoshi kuimaliza.

Kuhusu muda, uongozi wa Sacco uarifiwe siku kadhaa kabla, ukiambiwa sababu na urefu wa kazi. Siku yenyewe, bango lionekane tangu asubuhi kwa kila anayeingia. Saa chache kabla, tuma SMS kwa makarani wenyewe. Ombeni namba zao za zamu, msitegemee ya ofisi. Nusu saa kabla, bango lianze kuhesabu. Zaidi ya hapo ni kelele. Ukituma matangazo mengi ya matengenezo ambayo hayakumgusa mtu, siku litakapokuja lenye uzito hataliangalia.

Maneno ya tangazo yanahitaji uangalifu kuliko watu wanavyodhani, hasa kwetu ambako saa zinasomwa kwa namna mbili. Ukiandika "saa 2:00" karani mmoja ataelewa saa mbili ya jioni na mwingine saa nane ya usiku. Na "Jumamosi usiku" kwa wengine ni usiku unaotangulia mchana wa Jumamosi. Lugha yetu ina dawa yake: sema usiku wa kuamkia siku fulani, taja sehemu ya siku, na weka tarakimu za saa 24 kando. Kwa mfano:

"Mfumo utafungwa usiku wa kuamkia Jumapili 14 Juni, saa 6:30 usiku hadi saa 9:00 usiku (00:30-03:00). Maliza hesabu kabla ya saa 6:00 usiku. M-Pesa itaendelea."

Ujumbe huo haufiki herufi 160, kwa hivyo unalipiwa kama SMS moja. Ukiingiza kikaragosi (emoji), au hata alama ya ng' iliyopindwa na programu ya kuandikia badala ya ile iliyonyooka, mtandao unabadilisha mfumo wa herufi na nafasi inashuka hadi 70. Ujumbe ule ule unakatwa vipande vitatu na unalipia mara tatu. Angalia pia kwamba ujumbe haukusema "tunaboresha huduma zetu". Karani anataka kujua afanye nini na hadi lini. Hilo lingine halimhusu saa hiyo. Wala usichomeke tangazo la biashara ndani yake. Mtu alikupa namba yake ili umpe habari za kazi, na chini ya Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 kuitumia namba hiyo kumwuzia bidhaa ni jambo lenye masharti mengine.

Umegundua nimehamisha saa yako. Jumamosi saa nne usiku inaonekana tulivu kwa anayetengeneza mifumo ya maofisini, lakini wateja wako ni matatu. Huo ndio wakati magari yanarudi, makanga wanakabidhi pesa, na karani ana foleni ya watu wenye hamu ya kwenda nyumbani. Kisha alfajiri saa kumi wengine wameshaamka. Usikisie, kumbukumbu za seva yako zinalo jibu. Chuja maombi ya kutuma fomu peke yake, uyahesabu kwa kila saa kwa majuma kadhaa yaliyopita, na shimo litaonekana. Ninatarajia utalikuta kati ya saa sita na saa tisa usiku. Pengine kuna jingine katikati ya asubuhi siku za kazi, magari yakiwa barabarani, na hilo lina faida kubwa: wewe na mwenzako mko macho, na mtu wa kuwasaidia anapokea simu. Epuka tarehe 9 na 20 na siku zinazozitangulia, kwa sababu ndizo siku za mwisho za kodi za PAYE na VAT, na wahasibu wa Sacco wanahitaji takwimu zake. Juni 30, siku ya mwisho ya ritani za kodi, usiiguse kabisa.

Tuje kwenye mlango. Benki ikifika saa ya kufunga, askari husimama mlangoni: wanaokuja wanaambiwa warudi kesho, walio ndani wanahudumiwa hadi wa mwisho. Mfumo wako nao uwe na hatua hiyo katikati ya kufunguka na kufungwa. Dakika thelathini kabla, zuia kuanza hesabu mpya lakini ruhusu zilizoanza zimalizike na zitumwe. Zikifika dakika mbili, ukurasa utume wenyewe kila kilichojazwa kiwekwe kama rasimu kwenye seva. Ndipo ufunge. Kumtoa mtu kwa nguvu hakuna haja. Ukifuta kuingia kwake unampa kazi ya ziada ya kukumbuka neno la siri saa tisa usiku, na hujapata faida yoyote.

Rasimu isingoje dakika mbili za mwisho, ihifadhiwe kila karani anapomaliza mstari wa gari moja. Mtandao wa Rongai ukikatika, au stima zikipotea, hasara ni ile ile ya matengenezo na hakuna tangazo litakalotangulia. Rasimu inaweza kukaa kwenye hifadhi ya kivinjari chenyewe, ambayo hubaki hata kompyuta ikizimwa. Tahadhari moja: kompyuta ya kaunta hutumiwa na watu wengi, kwa hivyo ifungamanishe rasimu na jina la karani, na uifute mara seva inapothibitisha kwamba imepokea.

Nimesema inapothibitisha, na hapa naomba usikilize kwa makini, kwa sababu nina hakika baadhi ya simu unazopigiwa zinatoka hapa. Karani anabonyeza Tuma. Ombi linafika, hifadhidata inaandika, kisha seva inazimwa kabla ya kujibu. Karani anaona hitilafu, anaamini kazi imepotea, na asubuhi anaingiza upya. Sasa kila gari lina mapato mara mbili, na hesabu isiyolingana huwa mbaya kuliko isiyokuwepo kwa sababu hugunduliwa mwisho wa mwezi na lawama humwangukia yeye. Dawa ni kila fomu kupewa namba yake ya pekee inapofunguliwa, namba hiyo itumwe pamoja nayo, na hifadhidata ikatae kuandika namba ile ile mara ya pili. Badala ya kumpa hitilafu, imjibu kwamba hesabu hiyo ilishapokelewa. Akibonyeza mara tano, inaandikwa mara moja. Pia usiiue programu ghafla: iambie iache kupokea maombi mapya, imalize yaliyo mkononi, ndipo izime.

Malipo ya M-Pesa yana kanuni hiyo hiyo na ukali zaidi, kwa kuwa mwanachama aliyeko steji haoni bango lako. Yeye analipa kwa simu, Safaricom inapokea, kisha Daraja, huduma ya Safaricom inayounganisha M-Pesa na mifumo mingine, inatuma taarifa kwenye anwani ya seva yako. Seva ikiwa imelala, pesa zimeshatoka na mfumo haujui. Usijenge kwa kutegemea kwamba taarifa iliyokosa mpokeaji itatumwa tena. Tenga kijiprogramu kidogo, nje ya mfumo mkuu, ambacho kazi yake ni moja: kupokea taarifa, kuiandika kwenye diski na kujibu kwamba imefika. Hicho kisizimwe mfumo unapozimwa. Ukirudi, unasoma foleni na kuiingiza. Ndipo utakapoweza kuandika "M-Pesa itaendelea" kwenye SMS bila kumdanganya mtu. Kwa malipo yaliyopotea mara ya mwisho, Daraja ina huduma ya kuuliza hali ya muamala. Chukua namba za miamala kutoka kwa wanachama au kwenye taarifa ya Paybill, zilinganishe na rekodi zako moja moja, na ufanye hivyo wiki hii.

Mfumo ukiwa umefungwa, ukurasa wa kuwaambia watu utoke kwa nginx au kwenye seva nyingine, uwe na saa ya kurudi na namba ya simu, na jibu lake liwe na namba 503, inayomaanisha huduma haipatikani kwa sasa, pamoja na kichwa cha Retry-After kinachosema lini kujaribu tena. Wengi hutoa ukurasa mzuri wenye namba 200, inayomaanisha mambo ni sawa. Programu yako ya upande wa kivinjari inaisoma 200 hiyo, inaamini fomu imepokelewa, na inafuta rasimu. Ukiona kazi inakawia, badilisha saa ya kurudi kabla ile ya kwanza haijapita. Na mkifungua, semeni mmefungua.

Je, kuna haja ya kuzima kabisa? Mara nyingi hapana. Toleo jipya la programu laweza kuwekwa kwa kuendesha nakala mbili nyuma ya nginx na kuzibadilisha moja baada ya nyingine. Kama hifadhidata yenu ni PostgreSQL, tangu toleo la 11, kuongeza safu yenye thamani ya awali ya kudumu hakulazimu jedwali zima kuandikwa upya, na faharasa (index) inaweza kujengwa bila kuzuia uandishi. Ila njia hii inataka nidhamu: kila badiliko la hifadhidata lipitie hatua ambayo toleo la zamani na jipya yote yanaweza kuishi nayo. Kumbuka pia karani mwenye ukurasa uliofunguliwa tangu juzi. Namba ya toleo kwenye lile faili dogo ndiyo itakayomwambia ahifadhi, kisha apakie ukurasa upya. Kwa watu wawili wenye seva moja, maoni yangu ni haya: matoleo ya kawaida yawekeni bila kuzima, na kuhamisha hifadhidata kwenda toleo kubwa jipya fungeni waziwazi kwa saa mbili na nusu, mkiwa mmesema. Kujaribu kuficha kazi kubwa namna hiyo kwenye seva moja ni kujitafutia msiba.

Kama hamwezi kuyajenga yote kabla ya matengenezo yajayo, anzeni na rasimu ya kila mstari na kile kijiprogramu cha M-Pesa. SMS kwa makarani mnaweza kuituma hata leo.

Kuna mambo ambayo sitaki uyamalize kwa kusoma jibu langu. Kama hamjawahi kurudisha nakala ya akiba ya hifadhidata kwenye mashine nyingine na kuona inafanya kazi, mtafuteni msimamizi wa hifadhidata mwenye uzoefu aketi nanyi siku hiyo, kwa sababu pesa hizo ni za wanachama. Kama kati ya Sacco zenu kuna inayopokea amana chini ya usimamizi wa SASRA, mamlaka inayosimamia Sacco, someni mkataba wenu pamoja na mkaguzi wake kabla ya kupanga saa za kufunga. Na kabla ya hayo yote, nenda River Road jioni moja, uombe kiti nyuma ya karani magari yanaporudi. Mwulize anapofunga hesabu huanza na gari gani, huandika wapi kwanza, na simu ikimkatiza huacha wapi. Mkikuta tayari kuna tofauti kati ya daftari lake na mfumo wenu, msizirekebishe kimyakimya kutoka kwenye hifadhidata. Mwiteni mhasibu wa Sacco, na kila sahihisho liandikwe likiwa na jina la aliyelikubali.